Lenzi ya Watu wa Pembeni

Editha alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani kwangu Ngara nachambua maharage, kuniambia kwamba baba yake amefariki. Alinisimulia kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo: alivyoamka vizuri, alivyoomba uji, alivyoegemea ukuta. Hakulia mpaka alipofika kwenye picha. "Dada Leokadia," akasema, "tunatafuta picha ya baba ya kuweka juu ya jeneza, hatuna. Tumepekua nyumba nzima. Humu ndani kuna picha za kila mtu wa Biharamulo, yeye hayupo hata moja." Hapo akashindwa, na mimi nikashindwa pamoja naye. Baba yake, Fundi Laurenti, alipiga picha za watu maisha yake yote, na hata wajukuu walipokuja na simu zao alikuwa anaziba uso kwa kofia na kusema mpiga picha hapigwi. Nikamwambia Editha anipe mpaka jioni. Nilijua mahali pamoja ambapo baba yake yupo. Kitu ambacho sikuwa na hakika nacho ni kama anaonekana, maana alisimama pembeni kabisa, na mimi na yeye tulitumia mwaka mzima tukijifunza kinachowapata watu wa pembeni.

Habari za kwetu nitaziruka, hazina tofauti na za kwenu. Niseme tu kwamba nilifika Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya hisabati, na kiburi kilichoizidi alama yenyewe. Studio ya Fundi Laurenti ilitazama barabara ya Rusumo, mahali malori yanapopunguza mwendo ili madereva wanunue ndizi na kuchokozana na mama ntilie. Ilikuwa na vyumba viwili na uani. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, na pazia lililochorwa maua ambayo sijawahi kuyaona yakiota popote duniani. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, chenye taa nyekundu, mabeseni matatu na harufu ya dawa iliyonikaa kwenye vidole hata siku za Jumapili. Uani palikuwa himaya ya mke wake, Mama Editha, na jiko lake la mafiga. Kuta zilikuwa za mbao, kwa hiyo mtu akiwa chumba cha giza alisikia kila kitu: madereva wakilalamikia mizani, chungu cha ndizi na maharage kikitokota, mume na mke wakibishana kwa Kihangaza na kuhamia Kiswahili pale walipotaka nisikie. Fundi alikuwa ameishia darasa la saba. Aliniajiri kuandika majina ya wateja na kusafisha picha, na tangu siku ya kwanza akanibatiza "Msomi." Nililipenda jina lile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Yote yalianza na mama mmoja kutoka Nyabusozi. Nilikuwa ndani nasuuza picha, simwoni, namsikia tu. Alisalimia kwa lafudhi ya Kisukuma, akajitambulisha kuwa Mama Kabula, akasema, "Fundi, nimekuja unikuzie mwanangu." Nikasikia karatasi ikifunguliwa kutoka kwenye kitambaa. Ilikuwa picha ya kipaimara ambayo fundi mwenyewe aliipiga mwaka uliotangulia, watoto na wazazi wamejipanga mbele ya kanisa.

"Ni yupi, mama?"

"Huyu wa mwisho. Huku kwenye ukingo. Alitutoka mwezi uliopita, kwa homa. Sina picha yake nyingine."

Nikasikia fundi akivuta kiti kuelekea dirishani. Nilimfahamu, alikuwa anatazama kwa kioo cha kukuzia. "Mama," akasema, "ametoka na ukungu. Nikimkuza, nitakuza huo ukungu."

"Lakini alitulia, Fundi. Hakutikisika hata kidogo. Nilikuwa namwangalia mimi."

"Najua. Kosa si lake."

"Kosa la nani, sasa?"

Fundi akamrudishia picha. Mama yule alifunga picha yake kwenye kitambaa akashukuru, na kule kushukuru ndiko kulikomuumiza fundi. Mchana ule Mama Editha aliweka sahani ya ugali wa muhogo na dagaa katikati yetu, fundi akamega mara mbili akanawa. Halafu akashusha makasha yake, akatoa picha za vikundi, za harusi, za kipaimara, za vikao vya vijiji, akazitandaza benchi zima na kuzipitia kwa kioo. Katikati kila mtu alikuwa safi, unaweza kuhesabu meno ya padri. Ukienda kulia au kushoto nyuso zinaanza kulainika, na ukifika mwisho unakuta watu wasio na macho. "Msomi, njoo uone," akaniita. "Hawa wa mwisho unawafahamu?" Nikaangalia vizuri. Hakuna asiyejua jinsi watu wanavyojipanga huku kwetu. Padri na katekista katikati, wazee wa zamani wa kijiji kando yao, kisha wazazi wenye nafasi. Anayebaki pembeni ni mjane, ni shemeji asiyependwa, ni mtu aliyechelewa kwa sababu alikuja kwa miguu, ni wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga ambao bado wanaitwa wageni hata wakizikia watoto hapa. Hakuna anayewafukuza katikati. Wanajua wenyewe pa kusimama. "Ni walewale," akasema fundi. "Picha zote, walewale."

Nafikiri mtu mwingine angelaumu mkanda, au angewaambia watu wa pembeni wasogee. Yeye alitaka kujua sababu. Alimwomba Shabani, dereva aliyekuwa anapita kila baada ya wiki mbili akitokea Dar es Salaam, amtafutie karatasi yoyote inayoeleza lenzi, au rensi kama alivyoitamka yeye, na mimi nikichoka hutamka hivyo hadi leo. Shabani akarudi na kijitabu cha dukani, kina picha za lenzi nyingi, na chini ya kila lenzi kuna grafu. Ukurasa wa maelezo haukuwepo. Shabani alikuwa ameufungia chumvi ya mayai njiani, na alipoulizwa akaapa kwamba ulikuwa hauna picha yoyote, ni maandishi matupu.

Grafu! Kichwa kikanivimba. Nikakivuta kijitabu mbele yangu, nikamwomba fundi kalamu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kila grafu ilikuwa na mistari inayoanzia juu kushoto na kuelekea kulia, mingine ikienda sawa, mingine ikianguka. Upande wa kusimama ulianzia sifuri ukaishia moja, nikasema huo ni ubora wa picha, na hapo nilikuwa sijakosea sana. Upande wa chini ulikuwa na namba: tano, kumi, kumi na tano, ishirini na kidogo. "Hizi ni mita," nikatamka. "Umbali wa mtu kutoka kwenye kamera. Unaona mstari unavyoanguka? Ukiwa mbali picha inaharibika. Dawa ni kuwasogelea." Fundi akauliza, kwa upole, mbona hawajaandika herufi ya mita. Nikamjibu kwamba kwenye vitabu vya kisomi huwa hawaandiki. Mungu anisamehe. Nimefundisha watu wengi baadaye, na kila ninaposikia kijana anajibu haraka namna ile, namwona msichana mwenye kalamu sikioni.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Nyamahanga kupiga kikundi cha akina mama wa kigango, na tukafuata elimu yangu. Nilipima hatua nne kwa mguu wangu, fundi akasimama hapo, watu wakabanana mpaka wakaijaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Picha zilipotoka nilitamani kuingia ndani ya beseni. Wale wa pembeni hawakuwa na ukungu tu, walikuwa wamevutika kama unga uliokandwa. Mwenyekiti wao alikuja mwenyewe Lusahunga, mama mnene mwenye sauti, akanipa vidonge vyangu mbele ya madereva: "Binti, dada yangu umemfanya kiazi!" Fundi hakunisema. Aliahidi kurudia kazi, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaketi na negativu yake mkononi, kile kipande cha mkanda kilichobeba picha. Namheshimu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo namheshimu zaidi: hakuitupa picha mbaya. Aliitazama kama mtu anayesikiliza.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, Mama Editha akituletea chai ya maziwa, nilimkuta fundi amelaza rula yangu ya shule juu ya negativu. Aliweka sifuri katikati kabisa ya picha, akaielekeza kwenye kona. "Msomi, hebu nisomee, macho yangu yanadanganya." Nikainama. Milimita ishirini na moja na nusu hivi. Akafungua kijitabu, akaweka kidole pale namba za chini zinapoishia. Ishirini na kidogo. Hakusema "umeona?" Hakusema "mita zako ziko wapi?" Alisubiri tu nione mwenyewe, na nilipoona nilihisi masikio yanawaka. Namba zile hazikuhusu umbali kutoka kwenye kamera. Zilikuwa safari kutoka katikati ya picha kwenda pembeni. Sifuri ni padri. Tano ni katekista. Kumi na tano ni mjane, na ishirini ni Kabula. Mstari ulikuwa unaonyesha anavyopotea mtu kadiri anavyosogezwa kando, na aliyeuchora alilijua hilo tangu kiwandani, kabla hajazaliwa hata mmoja wa watoto wale.

Lakini mistari ilikuwa minne, na fundi hakuwa mtu wa kuacha mitatu. Miwili ilikuwa juu, miwili chini, na katika kila jozi mmoja umechorwa mzima na mwingine vipande vipande. Alizunguka nayo wiki nzima. Siku moja akiwa uani anasubiri chakula, alimwona mke wake anapepeta maharage kwenye ungo wake wa sherehe, ule uliosukwa duara ndani ya duara, wenye nyuzi nyeusi zinazotoka katikati kwenda ukingoni. Akanyanyuka, akamwaga maharage kwenye beseni, akaondoka na ungo. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwenye malori. "Ungo wangu haukusukwa upigwe pasipoti!" Mama Editha alipayuka, huku anamfuata, na akabaki mlangoni kushuhudia wazimu wa mume wake. Tuliutundika ukutani, tukasogeza kamera kwenye stendi mpaka ungo ukaijaza picha yote na kupita, kitovu cha ungo katikati. Picha ilipokauka, jibu lilikuwa limelala pale. Katikati, duara na nyuzi zote zilikuwa safi. Kuelekea pembeni, nyuzi zilizotoka katikati zilivumilia, lakini duara zikaanza kushikana, na kwenye kona zikawa uji. Tukafungua grafu ya lenzi yetu wenyewe: mstari mzima uliteremka taratibu, ule wa vipande ukaporomoka. "Huu mzima ni nyuzi," akasema fundi, "huu wa vipande ni duara." Kisha akatazama misuko minene na misuko myembamba, akagundua na maana ya zile jozi mbili. Jozi ya juu ilihusu vitu vinene, ya chini vitu vyembamba. Alivyonieleza ndivyo ninavyoeleza hadi leo: "Mistari ya juu inakwambia kama uso utaonekana. Ya chini inakwambia kama nywele zitaonekana."

Nimekutana baadaye na wahandisi wenye shahada, na sijakutana na kichwa kama kile. Nasema wazi kwamba nilimpenda, kama unavyompenda mtu aliyekufungulia dirisha ulipodhani ni ukuta.

Baada ya hapo likaja suala la kununua. Fundi alikuwa amejiwekea akiba ya lenzi moja, moja tu, na parokia moja ya upande wa Ngara ilikuwa imempa kazi ya jubilei, picha ya waumini wote kwenye ngazi za kanisa. Alifahamu sasa kwamba lenzi ikibanwa tundu lake la mwanga, pembe za picha hutulia kidogo, kijitabu kilikuwa na grafu za namna zote mbili, lakini mikanda yetu ilitaka mwanga mwingi na wazee hawawezi kuganda. Kijitabuni zilibaki lenzi mbili zenye bei moja. Mstari wa ya kwanza ulianzia juu kabisa, karibu ukipige kichwa kisanduku cha grafu, halafu ukaanguka kama barabara inavyoshuka kwenye daraja la Rusumo. Wa pili ulianza chini kidogo, wa wastani, usio na maringo, lakini ukaenda sawa mpaka karibu na kona. Ya kwanza ingetoa picha za dereva mmojammoja za kupendeza mno, na hao ndio waliotulisha. Nikiwa chumba cha giza nikasikia mke na mume wakiwa uani, na walitumia Kiswahili, kwa hiyo nilitakiwa kusikia.

"Watu wanakuja kujiona wamependeza," alisema Mama Editha. "Anakaa peke yake, katikati. Wa pembeni nani anamlipia?"

"Hakuna."

"Kwa nini umnunulie lenzi, sasa?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia atulie," alisema fundi. "Nilimwambia, we mtoto wa mwisho, tulia. Akatulia. Mimi sikumchukua."

Nikasikia mwiko ukikwangua chungu, anampakulia. Jioni Shabani aliondoka na fedha na jina la lenzi ya pili, nimeliandika mimi, kwa herufi kubwa.

Siku ya jubilei tulitoka alfajiri. Fundi alivaa shati jeupe, na kifungo cha pili kutoka juu kikakatika akiwa mlangoni. Uzi mweupe haukupatikana nyumba nzima. Mama Editha akakishona kwa uzi mweusi, akiwa amesimama, shati likiwa mwilini mwa mume wake, naye mume analalamika kwamba ataonekana mshamba. "Nani atauona?" akamjibu, akakata uzi kwa meno. "Wewe si unakaa nyuma ya kamera."

Watu walijipanga kama wanavyojipanga. Padri, wazee, wazazi. Mwisho kabisa wa mstari wa mbele, upande wa kulia, alikuwa Mama Kabula. Alikuwa amekuja na kwaya ya kigango cha kwao. Katekista akamwita asogee katikati, nafasi ipo. Akakataa kwa kichwa. "Kabula alisimama huku," akasema. Fundi alikuwa amekwisha kupima kila kitu. Akanitazama, akatoka nyuma ya kamera.

"Msomi, bonyeza wewe."

"Mimi? Na wewe unakwenda wapi?"

"Pale mwisho. Nikitoka na ukungu mimi, nitajua nimewadanganya watu wote hawa."

Akatembea mbele ya umati mzima, akasimama baada ya Mama Kabula, ukingoni kabisa, mahali ambapo mstari wa grafu unaishia. Nilibonyeza mara tatu. Tulipousafisha mkanda, fundi alichukua kioo cha kukuzia akakiweka kwa Mama Kabula moja kwa moja. Alitazama muda mrefu chini ya ile taa nyekundu. "Yupo," akasema. Akaweka kioo chini akatoka nje, na nikamsikia uani anapenga kamasi. Kujitazama mwenyewe hakujitazama. Mama Kabula tulimpelekea picha yake Nyabusozi, kubwa, tukakaa naye tukala viazi. Ya binti yake haikuwezekana tena, na fundi hakujifanya kwamba hii inalipa ile.

Studio ilipofungwa, makasha ya negativu alinipa mimi. Kwa hiyo siku ile ya simu ya Editha niliacha maharage yangu kwenye ungo, nikashusha makasha kutoka juu ya kabati, nikapekua mpaka nikaipata. Nilimpelekea kijana mwenye mashine ya kusomea negativu hapa mjini, nikamwambia akuze upande wa kulia, mwisho kabisa. Akaniuliza kwa nini nataka kona, kona huwa hazina kitu. Nikamwambia akuze. Uso ulipofunguka kwenye kioo cha kompyuta nilishika ukingo wa meza. Alikuwa pale mzima, macho makavu, taya limekaza, mtu anayesubiri matokeo yake.

Nilifika Lusahunga jua likiwa bado juu. Nilimkuta Mama Editha ameketi mkekani kati ya wanawake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Msomi," akaitikia, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amebaki wa kuniita hivyo. Nikampa picha. Hakuutazama uso kwanza. Aliisogeza karibu na macho yake mabovu, akapitisha kidole gumba kifuani mwa shati jeupe, akakisimamisha kwenye kifungo cha pili kutoka juu.

"Leokadia," akasema, "hata uzi wangu unaonekana."